Jicho Nyuma ya Kadi ya Harusi

Nyie mliobaki kiwandani mmenisumbua niandike. Gwakisa amenipigia simu mpaka mjukuu wangu anauliza kama bibi amepata mchumba. Haya, naandika. Mkitaka kujua nilipandishwa cheo lini na mshahara ulikuwaje, kamuulizeni bosi, mimi nilishasahau na sina kinyongo. Ninachokumbuka ni wino, manila, watu, na ile kazi ya mwisho mwisho iliyokaribia kumvunjia mtu ndoa kabla hajaifunga.

Nilifika Tunduma nikiwa binti kutoka Mbebe, miguuni nimevaa viatu vya kanisani, kwa sababu mama alisema watu wa mpakani wanaanza kukutazama chini. Kiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya maegesho ya malori, kina mashine za kuchapa na dirisha lisilofunguka. Harufu ya wino ilinipanda puani nikapiga chafya, na chafya yangu ikatua juu ya rundo la lebo za kahawa ambazo hazijakauka. Kabla sijasema samahani, sauti ikatoka nyuma ya mashine kubwa: "Awe, mukwai!"

Huyo ndiye Mzee Simbeye, fundi mkuu. Mnamwanga aliyejifunzia uchapaji Zambia kwenye miji ya shaba, akarudi na ufundi, kofia, na maneno ya Kibemba ambayo hayakumtoka hata alipostaafu. "Awe" ni hapana, na "mukwai" ni heshima. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilikatazwa kila siku, lakini kwa adabu.

Alinifundisha kuisikiliza mashine kabla ya kuitazama. Ikivuta karatasi mbili kwa pamoja inakohoa. Ikikaukiwa inalia kwa sauti nyembamba. Wino ulioingia kwenye kucha hautoki kwa sabuni peke yake, unatoka kwa sukari na mafuta kidogo ya kula, ukisugua bila hasira. Mashine ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kirefu kinachoshuka, alinikabidhi baada ya muda mrefu na hotuba ndefu kuliko huo muda. "Ba mama," akaniambia, "hiki kisu hakijui jina lako wala la baba yako." Vidole vyangu vyote ninavyo mpaka leo, asante kwake.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: karatasi yenye upande mweupe haitupwi. Mnajua ukianza kazi mpya mashine inataka karatasi za kuanzia, ili wino ukae sawa kwenye rola kabla hujapitisha zile nzuri. Viwanda vingine vinaanzia karatasi mpya, vina hela ya kuchezea. Sisi tulichukua zilizoharibika kwenye kazi iliyotangulia, tukazigeuza upande mweupe, tukaziweka juu ya rundo. Zikishapita na wino umetulia, tunaziondoa. Tunaziondoa! Gwakisa, mwanangu, nimelirudia hilo neno kwa ajili yako.

Kesi ngumu tulizipata. Kuna familia ilituletea picha ya marehemu tuichape kwenye ratiba ya mazishi, kumbe marehemu alikuwa pacha, na picha waliyoleta ni ya yule mzima. Tumemaliza, tumepanga vizuri, mlango unafunguliwa, marehemu anaingia mwenyewe kuchukua kazi. Gwakisa, aliyekuwa mgeni kazini, alitoka kwa kupitia dirisha lile lisilofunguka. Tangu siku hiyo linafunguka.

Ndiyo, watoto, huyo Gwakisa mnayemuita bosi mdogo na kumwamkia. Mkitaka heshima yake ipungue, njooni nyumbani na sukari, nina mengine.

Sasa tufike kwa Ezra.

Ezra alikuwa kijana wa Mkwajuni aliyekuja Tunduma kufungua kibanda cha kutengeneza simu. Mpole, mwembamba, anacheka kwa mabega. Siku moja akaja na michoro kwenye bahasha akauliza kama tunaweza kuchapa karata. Nikamwambia karata zipo madukani. Akasema, "Si hizo, mama Atu. Hizi nimebuni mwenyewe."

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mabega yalivyocheza. Kila mteja anayeacha simu kibandani kwake anamsikilizisha sauti zilizotumwa kwenye makundi: chama cha siri kimenunua mvua, chama cha siri kimeficha nyota ya fulani, ukiona alama fulani kwenye noti ujue umeuzwa. Dereva wa lori anajua, muuza nyanya anajua, mwalimu anajua. "Watu wetu wanapenda siri kuliko chai, mama," akasema. "Nikaona bora niwape siri ya kuchezea."

Mchezo aliuita Nani Mwenye Jicho. Mnakaa mezani, kila mtu anapewa karata moja ya siri, hamwonyeshi mwenzake. Wote mnapata Raia, isipokuwa mmoja ambaye anapata Jicho, yaani ndiye wa chama cha siri. Halafu zinafunuliwa karata za matukio: mbuzi wa mchungaji amepotea, maji yamekatika siku ya ubatizo, bei ya kahawa imeshuka. Kwa kila tukio mnabishana nani kalisababisha na kwa ushahidi gani. Mwisho mnapiga kura ya kumfukuza mtu mjini. Mkimfukuza mwenye Jicho, mji umepona. Mkimfukuza Raia asiye na hatia, Jicho limeshinda. Basi.

Lakini michoro, jamani! Bundi amevaa tai. Nyoka anajing'ata mkia. Mikono miwili inasalimiana, kidole kimoja kimekunjwa kwa namna. Ngazi inayokwenda mawinguni, ufunguo wenye fuvu. Na mgongoni mwa kila karata, pembetatu, ndani yake jicho linalokutazama popote unapokaa, na miale pembeni. Alichora vizuri mno, hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Kiwanda kilichafuka. Mama wa chai akaanza kuacha birika mlangoni. Gwakisa, ambaye sasa ndiye aliyekuwa anaendesha mashine kubwa, akasema hagusi pleti, lile bati lenye mchoro wa kuchapa, mpaka aombe. Akaomba, akamaliza, akaongeza ya pili kwa ajili ya rola. Nikamwambia, "Mwanangu, sambusa ina pembetatu na unaila mbele ya mchungaji." Akajibu, "Dada, sambusa hainitazami." Nikaenda kukata.

Na nawaambia ukweli, niliifurahia kazi ile kuliko zote. Kukata karata si kukata kadi. Karata moja ikizidi hata unywele, mchezaji ataijua kwa kuipapasa, na mchezo umekufa. Kisu nilikinoa upya. Pembe nilizizungusha kwa kile chombo kidogo cha mkono, moja moja. Kila nikishusha kisu, majicho yananitazama, na mimi nayakonyeza. Nilijiona kijana.

Basi Ezra alikuwa na kazi nyingine kwetu: kadi zake za mchango wa harusi. Alikuwa anamuoa Anyesi, binti wa Mzee Nzunda wa Ruanda kule Mbozi. Kadi ni za manila ileile nyeupe ya karata, upande mmoja maua na majina, upande wa pili mtupu. Familia mbili zilikubaliana kadi iwe moja kwa pande zote, ndiyo adabu, na ndiyo sababu jambo lilifika lilikofika. Siku ya kuzichapa mimi nilikuwa Mbebe kwenye msiba. Nilimwachia Gwakisa.

Niliporudi, nilimkuta Ezra amekaa kwenye ngazi za kiwanda, mabega hayachezi. Akanipa kadi ya mchango. Nikaitazama, nzuri, maua yametoka. "Igeuze, mama," akasema.

Nikaigeuza. Jicho likanitazama.

Mmeshaelewa. Karatasi za kuanzia! Gwakisa alichukua manila zilizoharibika za mgongo wa karata, akazigeuza upande mweupe kama Mzee Simbeye alivyotufundisha, akaziweka juu ya rundo la kadi za harusi. Wino ukatulia mapema, maua yakatoka mazuri tangu karatasi za mwanzo, na Gwakisa akaona dhambi kutupa kitu kizuri. Akaziacha. Zikakatwa, zikafungwa. Nani anatazama mgongo wa kadi ya mchango? Mtu anatazama kiwango, anaguna, anaweka mfukoni.

Mzee Nzunda alitazama. Mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, mtu wa watu. Alitaka kumwandikia mwenzake namba ya simu, akageuza kadi, kalamu mkononi, mbele ya wazee wenzake baada ya ibada. Wanasema kalamu ilianguka ikabingirika chini ya benchi na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Amesema harusi hakuna," Ezra akaniambia. "Amesema binti yake haendi kutolewa kafara. Anyesi haruhusiwi kupokea simu yangu. Na mshenga wangu amejiuzulu, mama."

"Amejiuzulu?"

"Kwa ujumbe wa simu. Amesema ana watoto."

Nilicheka, Mungu anisamehe, halafu nikaona macho ya yule kijana yamejaa machozi, nikaacha. Nikamwambia, "Kazi imetoka mikononi mwetu, itasahihishwa na mikono yetu. Mshenga ni mimi." Sikuwahi kuwa mshenga maishani mwangu. Lakini nilikuwa nimebakiza muda mfupi nistaafu, wangenifanya nini?

Jumapili mchana, baada ya ibada, tukaenda Ruanda: mimi, Gwakisa, na Ezra ambaye tulimwacha nje kwenye vichanja vya kukaushia kahawa, kwa sababu mchumba aliyekataliwa haingii sebuleni. Nilibeba ushahidi. Nilichukua karatasi nzima ya kazi ile, ambayo haijakatwa, upande huu majicho, upande ule maua, nikasema mtu mwenye akili akiona karatasi nzima ataelewa makosa ya kiwandani. Na boksi moja la karata, waone ni mchezo tu.

Tulipokelewa kwa heshima, na hapo ndipo ujue mambo ni mabaya. Mzee Nzunda kiti cha katikati, mdogo wake Laban pembeni, Mama Anyesi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Anyesi hakuonekana, ila nilisikia mtu anapenga kamasi nyuma ya pazia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmetumwa na nani?"

"Na kiwanda, baba. Tumekuja kuomba radhi. Ni kosa la uchapaji, kijana hana hatia." Nikakunjua karatasi mezani. "Angalia mwenyewe."

Laban akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Akaweka kidole kwenye kona. "Na hii?"

Jamani! Nilikuwa nimesahau. Kwenye kona za kila karatasi tunaweka vialama vya kulinganisha rangi: msalaba mdogo ndani ya duara.

"Hiyo ni ya kulinganisha rangi," nikasema.

"Msalaba umefungwa ndani ya duara," Laban akamwambia kaka yake, taratibu, kama daktari anayesoma kipimo. "Umefungwa, kaka. Hauwezi kutoka."

"Unatolewa kwa kisu," Gwakisa akasaidia. "Tunaukata, tunautupa."

"Mnautupa msalaba?"

Nikamkanyaga Gwakisa mguu. Mzee Nzunda akauliza rangi ziko ngapi. Nikasema nne. Akahesabu kona za karatasi kwa macho. Nne. Akauliza kwa nini karata zimepangwa mistari saba. Nikasema ndivyo karatasi inavyoenea. Akaitikia kwa kichwa, akamtazama Laban, Laban akamtazama yeye. Kila nilichojibu kilikuwa kinaniongezea kesi. Nilileta maji kuzima moto, kumbe nimebeba mafuta ya taa!

"Mama," Mzee Nzunda akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeumia. "Nina binti mmoja. Watu wote wameona kadi ile. Nikimtoa, watasema nimemuuza. Wewe ni mzazi. Ungefanyaje?"

Nikaona kazi imetushinda, nikaanza kukunja karatasi yangu.

Ndipo Mama Anyesi akasema, macho ameyainamisha: "Baba Anyesi, mimi ni mjinga tu. Lakini adui akija na silaha zake akaziacha mezani, tunamrudishia bila kuzitazama?"

"Karata haziingii kwenye nyumba hii," akasema mume.

"Zimeshaingia. Ziko mezani. Mchungaji akikuuliza zinafanyaje kazi, utamwambia nini? Wewe si ndiye mzee wa kanisa? Mlinzi asiyemjua mwizi analinda nini?"

Laban akasema hapo shemeji ameongea. Mzee Nzunda akakuna kidevu. Mwishowe akasema, "Tutazichunguza. Hatuchezi. Tunachunguza."

Thubutu nibishe! Nikafungua boksi. Anyesi akaitwa aje kugawa, kwa vile mikono ya msichana haina hila, kasema baba yake, na binti akatoka amevimba macho, hata hakunitazama. Akagawa karata za siri: baba, mama, Laban, Gwakisa na mimi. Kila mtu akachungulia yake akailaza. Mimi nilipata Raia. Nilifurahi, nikajua angalau leo mimi ni msafi.

Tukio la kwanza likafunuliwa: mbuzi wa mchungaji amepotea.

Mzee Nzunda akakohoa. "Kwa uchunguzi," akaanza, "mimi nauliza tu. Mama huyu alipoingia uani aliomba maji ya kunawa. Alinawa wapi?"

"Nyuma, karibu na zizi," akasema Laban.

"Karibu na zizi," Mzee akarudia kwa upole. "Mimi sisemi kitu."

"Baba, mbuzi ni wa kwenye karata!" nikasema.

"Ndiyo, mama. Hakuna anayekulaumu."

Tukio la pili: maji yamekatika siku ya ubatizo. Mzee akauliza kwa nini mtu anawe mikono sana hivyo wakati maji hayatoshi. Laban akapiga paja. La tatu: bei ya kahawa imeshuka. Mzee akasimama! Akauliza, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwizi, lebo za mifuko ya kahawa ya Mbozi zinachapwa wapi. Tunduma. Na nani. Mimi. Na kama mtu anaandika jina la kahawa yetu, anashindwaje kuandika na bei yake?

"Mungu wangu!" akasema Laban.

"Uongo!" nikapiga kelele. "Mimi ni Raia! Naapa!"

"Anaapa," Mzee akawaambia wenzake kwa huzuni. "Mtu asiye na kitu anaapa?"

Nilikuwa nacheka na huku najitetea, na kadiri nilivyojitetea ndivyo nilivyozama. Jasho la kweli lilinitoka. Nikamgeukia Gwakisa, tuliyekula naye ugali mmoja tangu aanze kazi. Akawa anakwepa macho yangu. Kura zikapigwa kwa kunyoosha kidole. Laban, kwangu. Mzee, kwangu. Mama Anyesi, polepole, kwangu. Gwakisa, kwangu!

"Gwakisa? Na wewe?"

"Dada, mzee ana hoja."

Wee! Nikaipiga karata yangu mezani. Raia. Wakaitazama. Laban akafunua yake haraka, Raia. Gwakisa, Raia. Mama Anyesi, Raia. Tukabaki tunatazama karata moja iliyolala mbele ya mzee wa kanisa.

Akaigeuza kwa kidole kimoja. Jicho.

Aliyeanza ni Anyesi. Kicheko kilimtoka kama kitu kilichozibuliwa, akajishika ukuta, akateleza mpaka chini. Laban akasema, "Kaka! Wewe? Muda wote huu?" na alisema kwa uchungu wa kweli, mimi nikaanguka mkekani. Gwakisa alikuwa anaomba radhi kwa kila mtu. Mzee Nzunda alijaribu kubana midomo, ikamshinda, akacheka mpaka akavua miwani, akafuta macho kwa kona ya koti, akaanza upya.

Alipotulia akanigeukia. "Mama," akasema, "nilijua huna hatia. Jicho nilikuwa nimelikalia mimi. Na bado nilipokuwa naongea, pale kwenye kahawa, nikaanza kuamini kabisa kwamba ni wewe."

"Niliona, baba. Na mimi nilikaribia kuamini."

Hakucheka tena. Akaitoa mfukoni ile kadi yake ya mchango, akaitazama mbele na nyuma, maua na jicho. Halafu akaenda mlangoni mwenyewe, hakutuma mtu. "Wewe kijana uliyeko kwenye kahawa!" akaita. "Nani alikufundisha kumfanya mzee mzima aseme uongo kwa raha namna hii? Njoo ndani. Nimekusingizia mbele za watu, na nitakusafisha mbele ya hao hao. Jumapili ijayo, kanisani, nitasimama mimi."

Ezra aliingia na vumbi la kahawa suruali nzima, hakujua ashike wapi. Anyesi alijua.

Wakaagiza kuku akamatwe. Wanaume wakabaki mezani na boksi, nikamsikia Mzee anasema wachunguze mara moja tu zaidi, maana Laban hajaelewa. Mimi nikaenda jikoni kumsaidia Mama Anyesi kuosha sahani. Nilikuwa bado nacheka peke yangu.

"Lakini mama," nikamwambia, "ulininyooshea kidole na wewe. Na mimi nilidhani uko upande wangu."

Akaendelea kusugua sahani. "Nilijua Jicho analo yeye tangu tukio la mbuzi."

"Ulijuaje?"

"Baba Anyesi akisema kweli anafoka. Leo alikuwa mpole."

Nikaacha kuosha. "Ulijua, ukanipigia kura mimi?"

"Ningemnyooshea yeye, angeshindwa," akasema. "Mwanaume akishindwa nyumbani kwake mbele ya wageni, mwanangu angeolewa lini?"

Akanipa sahani nyingine niisuuze, na akaweka kidole kwenye midomo yake.